Pleya Ndiyo ya Mwisho Kununuliwa

(Mazungumzo ya jioni na wapenzi wa muziki, Dar es Salaam, yaliyoandikwa baadaye na msemaji mwenyewe)

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Vijana mliobanana pale mlangoni, viti vipo huku mbele, njooni mkae. Haya mazungumzo si mafupi.

Nimeombwa nieleze namna ya kuchagua pleya ya muziki, ile ya kubeba mfukoni, kwa mtu anayetaka sauti iliyo safi kwelikweli. Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya miksa na kuhakikisha mwimbaji anasikika, basi watu hunisimamisha njiani: "Fundi, ninunue pleya gani?" Wengi huondoka hawajaridhika, kwa sababu sitaji jina. Naanza na maswali yangu kwanza. Unasikiliza muziki gani? Umeupata wapi? Unavaa nini masikioni? Mtu akinijibu hayo bila kuficha, pleya huwa imeshajichagua yenyewe. Wakati mwingine inaonekana hahitaji pleya kabisa. Simu aliyonayo inamtosha, na pesa aitie kwenye eafoni.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kubishana ajiandae: pleya ndiyo ya mwisho kununuliwa. Kwanza faili, halafu cha kuvaa masikioni, mashine ije baadaye.

Historia nitaipita mbiombio. Walkman ya kwanza ya Sony ilitoka Japani Julai 1979, modeli TPS-L2, inakula betri mbili ndogo na kucheza kaseti. Ilikuwa na matundu mawili ya hedfoni, maana Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake na mwenzake yupo ubavuni. Leo tundu hata moja ni la kutafuta! CD ikaja 1982. iPod ikaja Oktoba 2001 na diski ya gigabaiti 5. Kisha simu zikameza kila kitu, na mwaka 2022 Apple wakatangaza kwamba iPod haitatengenezwa tena.

Wengi tulidhani biashara ya pleya ndiyo imekufa. Haikufa, ilipata wateja wengine. Simu zilipoanza kunyang'anywa tundu la hedfoni, na iPhone 7 ya 2016 ndiyo inayokumbukwa zaidi, watu wenye hedfoni nzuri za waya walibaki hawana pa kuzichomeka. Makampuni ya China kama FiiO, Shanling, HiBy na iBasso, pamoja na Astell&Kern ya Korea Kusini, yanawatengenezea hao. Sony nao hawajaliacha jina la Walkman. Bei zinaanzia chini ya dola 100 na kupanda hadi maelfu. Sony walitoa moja mwaka 2016, NW-WM1Z, mwili wake wa shaba uliopakwa dhahabu, uzito gramu 455, bei kule Marekani dola 3,200. Karibu nusu kilo mfukoni! Suruali itateremka kabla wimbo haujaisha.

Haya, tuingie kwenye faili, na hapa nitakaa.

Humu ndani wapo watu wenye memori kadi zilizojazwa nyimbo kibandani. Unampa kijana kadi, unalipa, anakurushia dansi, taarabu, kwaya, singeli, unaondoka na nyimbo mia kadhaa. Siwalaumu vijana wale. Wametunza miziki ambayo hata wenyewe walioirekodi hawanayo tena. Lakini ukifika nyumbani, chomeka kadi ile kwenye kompyuta, ufungue maelezo ya faili moja. Wimbo wa dakika nne, ukubwa megabaiti 3.8. Hiyo ni MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Wimbo uleule ulipokuwa kwenye CD ulikuwa na megabaiti 42. Ukiubana kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa kitu, unabaki na megabaiti 25 hivi, kutegemea muziki wenyewe. Maana yake data iliyobaki kwenye ile MP3 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ile ya CD.

Msinielewe vibaya, MP3 si adui. Wajerumani walioibuni walifanya kazi ya akili nyingi: walitumia tabia ya sikio la binadamu iliyokuwa ikijulikana, kwamba sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu yake, basi ile iliyofunikwa wakaitupa. Kwenye kilobiti 320 wamefanikiwa kiasi kwamba ukinifunga kitambaa usoni sikuahidi kwamba nitaitofautisha na CD. Matatizo yako kule chini, 128 kushuka, hasa pale wimbo ulipobanwa, ukafunguliwa, ukabanwa tena na mtu wa tatu.

Mkitaka kuyasikia, msisikilize besi wala mwimbaji. Sikilizeni kayamba. Kwenye rekodi nzuri punje zinatengana, unasikia zinapopiga upande huu na zinaporudi upande ule. Kwenye MP3 mbovu punje hazipo, kuna mvumo mmoja wa majimaji unaokuja na kuondoka. Au chukueni taarabu yenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Uzi wa kanuni ukidonolewa, sauti huanza ghafla, kavu. Kwenye faili lililobanwa sana, kabla ya mdono unasikia kijivumo chembamba kinatangulia, kama sauti imechungulia kabla ya kuingia. Hiyo si hewa ya studio wala si ubovu wa eafoni. Ni hesabu ya MP3 imemwagikia nyuma ya wakati wake. Ukishaisikia mara moja, samahani, utaisikia maisha yako yote.

Kuna ujanja mwingine mjini siku hizi, wa kuuziwa "FLAC". Mtu anachukua wimbo alioupakua kwenye video ya mtandaoni, anaubadilisha kuwa FLAC, faili linanenepa, anakuuzia kwa bei ya juu. Maji ya chumvi hata uyatie kwenye birauli ya dhahabu yatabaki ya chumvi. Kilichotupwa hakirudi. Kumkamata si kazi: ipo programu ya bure inaitwa Spek, unaiburutia faili, inakuchorea sauti yote kwa rangi kuanzia chini hadi juu. MP3 ya 128 kwa kawaida imekatwa kwenye kilohezi 16, yaani mitetemo 16,000 kwa sekunde, mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula, juu yake giza tupu. Ila msije mkamtuhumu mtu bure, maana rekodi za zamani nazo hazina kitu kule juu. Tofauti ni kwamba rekodi ya zamani hufifia taratibu, rangi zinapungua polepole. Rula ndiyo ushahidi.

Faili safi mtalipata wapi? CD za zamani bado zinapatikana. Nunua, ihamishie mwenyewe kwenye kompyuta kwa FLAC, uiweke kabatini. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, wanauza FLAC, na sehemu kubwa ya pesa inamfikia msanii. Apple Music tangu 2021 wanatoa nyimbo bila kutupa kitu, lakini hapo unahitaji bando na unahitaji pleya yenye Android, maana pleya ndogo za bei nafuu haziwezi kubeba programu hizo. Hilo peke yake limeshakuchagulia aina ya pleya, bila kuuliza chapa.

Sasa zile namba za kwenye maboksi, 24 kwa 192, yaani biti 24 na vipimo 192,000 kila sekunde. Kijana mmoja pale nje kaniambia hanunui pleya isiyofika 192. Nimemwambia akae mstari wa mbele.

CD inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kina biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa. Hisabati ya kina Nyquist na Shannon, wataalamu wa mawasiliano, inasema ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa, umeupata wote, hujaacha pengo. Nusu ya 44,100 ni mitetemo 22,050 kwa sekunde. Sikio la mtoto linafika kwenye 20,000 hivi, na kadiri umri unavyokwenda linashuka. Wengi wetu humu tuliopita miaka 40 hatufiki hata 16,000, na hakuna aliyegundua siku ilipoondoka. Redio ya FM inaishia kilohezi 15, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba taarabu ya redioni imekatwa kichwa. Zile 192 zinabeba mitetemo ambayo popo ndiye angeshukuru. Gharama yake ni halisi lakini: wimbo wa dakika nne usiobanwa unakuwa na megabaiti zaidi ya 270, mara sita na nusu ya CD.

Biti 24 zina kazi yake studio. Tukirekodi tunazitaka, kwa sababu hatujui mwimbaji atapiga kelele wapi, tunaacha nafasi. Nyimbo ikishamalizwa na kupangwa, biti 16 zinatoa desibeli 96 kati ya kimya na kelele. Chumba cha kawaida mjini hapa, feni imezungushwa na jirani ana jenereta, hakikupi hata nusu ya hizo.

Na muziki tunaoupenda wengi wetu ulirekodiwaje? Bendi zetu kubwa za dansi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye kanda za sumaku, nyingi mono, bendi nzima inapiga pamoja. Kanda ile nzuri inakupa desibeli 60 hadi 70 kabla ya mvumo wake wenyewe. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za mzunguko wa 78. Juu ya kilohezi chache mle ndani hakuna kitu ila mkwaruzo. Mtu akikuuzia santuri ile kwa 24 kwa 192, amekuuzia mkwaruzo ulionakiliwa kwa uaminifu mkubwa. Kinachobadilisha sauti ya miziki hii ni nani aliyeihamisha kutoka kwenye kanda, kwa mashine gani, na kama alisafisha kichwa cha kusomea kabla ya kuanza. Tofauti ya uhamishaji mzuri na mbaya mama yangu anaisikia akiwa jikoni. Ya 44 na 192 sijamwona wa kuisikia.

Kwa hiyo pleya yoyote inayocheza FLAC ya kawaida inatosha, na siku hizi karibu zote zinacheza. Tusonge.

Cha kuvaa masikioni. Hapa ndipo pesa inapofanya kazi. Kati ya pleya ya bei ya kati na ya bei ya ajabu, tofauti ni ndogo mno. Kati ya eafoni mbili za bei moja, tofauti inaweza kuwa kubwa hadi ukadhani ni wimbo mwingine. Na kabla hujazihukumu eafoni, angalia mpira wake. Mpira ukiwa mdogo kuliko tundu la sikio, besi yote inatorokea nje, unabaki na ukali mtupu. Nimeona watu wakibadilisha pleya kwa sababu ya mpira. Ndani ya boksi huwa kuna saizi tatu, jaribuni zote, na msishangae kama sikio la kulia linataka saizi tofauti na la kushoto.

Ukishajua utavaa nini, ndipo unauliza swali la mashine: je, pleya hii inaendana na hiki? Kuna mambo mawili. Hedfoni kubwa za studio zinataka nguvu. Sennheiser HD 600, kwa mfano, zina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 300. Beyerdynamic DT 770 Pro zinauzwa za omu 32, za 80 na za 250, sura ileile, na muuzaji asiyejua anaweza kukupa yoyote, soma maandishi. Zile za omu nyingi zinataka volti ya kutosha, la sivyo zinasikika dhaifu na zimenywea. Hapo pleya yenye amplifaya nzuri ina haki ya kudai pesa yako.

Eafoni ndogo za kuingiza ndani ya sikio zina shida iliyo kinyume. Hizo ni nyepesi mno kusukumwa, omu 16 au 32, na zinasikia kila kitu, hata uchafu wa pleya. Njooni nazo dukani. Tia wimbo wenye kimya mwanzoni, au beba faili la ukimya mtupu, lichezeshe, sikiliza. Usisimamishe wimbo ukadhani umepima, maana pleya nyingi huzima amplifaya pale unapobonyeza kusimamisha, na wewe utasifia ukimya wa mashine iliyolala. Faili likiwa linatembea, ukisikia "shhhh" nyembamba, hiyo ndiyo utakayoishi nayo usiku, nyumba ikiwa imetulia. Pleya ya bei kubwa nayo inaweza kuwa nayo, kwa sababu imejengwa kusukuma hedfoni nzito.

Jambo la pili ni ukinzani wa tundu lenyewe la pleya. Kanuni tunayoifuata mafundi ni kwamba ukinzani wa eafoni uwe angalau mara nane ya ule wa tundu. Eafoni za omu 16 zinataka tundu lisilozidi omu 2. Ukivuka hapo, eafoni zenye spika kadhaa ndogo ndani yake hubadilika tabia: besi inavimba au sauti ya kati inarudi nyuma, na wewe utasema pleya hii "ina ladha ya joto". Haina ladha yoyote, ni hesabu ya umeme. Namba hiyo ipo kwenye karatasi ya vipimo. Isipokuwepo, mimi naanza kuwa na mashaka.

Mtaona pia tundu nene, la milimita 4.4. Angalieni pini hii, nitaipitisha mkono kwa mkono. Pini ya kawaida ya 3.5 ina pete nyeusi mbili, ikiwa na maikrofoni zinakuwa tatu, hii nene ina nne, kwa sababu kila sikio limepewa njia zake mbili. Inaleta nguvu zaidi. Kwa hedfoni za omu 300 inasaidia. Kwa eafoni ndogo ni nguvu ya kuongeza mvumo tu, usilipie.

Nimeulizwa kuhusu Bluetooth. Jibu langu ni fupi na linaudhi. Ukisikiliza kwa Bluetooth, ile chipu inayobadili namba kuwa umeme wa sauti, ile DAC iliyokufanya ulipe dola mia tano, imelala. Haifanyi kazi. Namba zinarushwa hewani hadi kwenye eafoni, na DAC inayotumika ni ile punje iliyomo ndani ya eafoni. Juu ya hapo, sauti inabanwa upya kabla ya kurushwa, kila kifaa kwa njia yake ya kubana: SBC kwa vifaa vya kawaida, AAC kwa iPhone, LDAC ya Sony ikifika kilobiti 990 hali ikiwa nzuri na kushuka hadi 330 pakiwa na msongamano. Si mbaya, mimi mwenyewe natumia nikitembea. Ila mwenye eafoni za Bluetooth asinunue pleya ya fahari. Simu yake inarusha vilevile.

Na mwenye simu isiyo na tundu? Anzia na kiunganishi kidogo cha USB-C chenye DAC ndani yake. Kile cha Apple kinauzwa dola 9 kwao Marekani, na kwa eafoni za kawaida ni kisafi kiasi cha kuaibisha pleya nyingi. Kina kasoro zake: kwenye simu kadhaa za Android kinatoa sauti hafifu, na toleo la Ulaya limepunguzwa nguvu kwa makusudi. FiiO na wengine wana vya kwao vinavyoelewana vizuri na Android. Muwe macho na vile vya mezani, vya bei ya soda, kwani baadhi havina DAC ndani, ni waya tupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe, na simu nyingi hazitoi. Utachomeka, kimya. Muuzaji atakwambia simu yako mbovu.

Ukishafika hapa na bado unataka pleya, basi unaitaka kwa sababu nzuri, na sababu hizo mara nyingi hazihusu usafi wa sauti. Unataka kusikiliza bila simu kuita. Unataka chaji ya simu ibaki hadi jioni. Unataka vitufe! Mimi kwangu vitufe ni nusu ya bei. Pleya isiyo na vitufe vya pembeni, unayolazimika kuitoa mfukoni na kugusa kioo ili kuruka wimbo, ukiwa umening'inia kwenye mwendokasi mkono mmoja juu, hiyo ni simu isiyopiga. Iwe na kitufe cha sauti, cha mbele, cha nyuma, na cha kufunga visibonyezeke ovyo. Ziguse gizani kabla ya kulipa.

Zile zenye Android hula betri kama simu na zinazeeka kama simu, programu zikizikataa baada ya miaka kadhaa. Zile za kawaida, zisizojua intaneti, hudumu na chaji muda mrefu na hazizeeki haraka. Jaribuni pia albamu ya onyesho la ukumbini, ambapo wimbo mmoja unaungana na mwingine bila kukatika, watu wanashangilia katikati. Pleya ikikata kimya kati ya nyimbo, makofi yanakatwa kama kwa mkasi. Jambo dogo kwenye boksi, linaudhi kila siku. Na andikeni majina ya nyimbo vizuri ndani ya faili. Pleya haijui kwamba "Track 07" ni ya Mlimani Park.

Memori kadi. FLAC za ubora wa CD, kadi ya gigabaiti 64 inabeba kama nyimbo 2,500. Ila kadi za uongo zimejaa. Imeandikwa 256 juu, kompyuta inakubali 256, kumbe ndani ni 16 au 32. Unajaza, mwanzo zinacheza, baadaye nyimbo zinakwaruza, nyingine hazifunguki, unalaumu pleya. Ipo programu ya bure H2testw, na F3 kwa wasiotumia Windows. Inaijaza kadi yote kisha inaisoma tena. Inachukua muda, hata saa kadhaa. Ifanyeni kabla hamjaweka wimbo hata mmoja, na muweke risiti.

Mzee hapa ameuliza iPod za mtumba. Mzee wangu, ni nzuri, nazipenda. Ile Classic ya mwisho ilikuwa na gigabaiti 160, na gurudumu lake halijapata mshindani. Lakini ina diski inayozunguka na betri iliyozaliwa zamani. Zote mbili hesabu kwamba utazibadilisha, na kwenye bei anayokutajia muuzaji toa hizo kwanza. FLAC haichezi, inataka ALAC ya Apple wenyewe, isipokuwa ukiiwekea Rockbox, mfumo wa bure uliotengenezwa na watu wa kujitolea. Ukiwa na mjukuu anayejua kompyuta, inunue. Ukiwa peke yako, itakusumbua.

Masikio nayo yana ukomo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kusikiliza saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, zimebaki saa 4 kwa wiki nzima. Ndani ya daladala, injini inanguruma na kondakta anapiga bati, unapandisha bila kujua hadi ufike huko. Kinachosaidia ni eafoni zinazoziba vizuri, ili usihitaji kushindana na injini. Nimefanya kazi na wapiga vyombo waliopoteza masikio wakiwa bado na nguvu za kupiga. Hakuna duka linalouza ya akiba.

Sasa mezani pale kuna vitu vitatu: pleya ya bei kubwa, pleya ya bei ndogo, na simu yenye kiunganishi. Vyote vimefunikwa, nyaya tu ndizo zinatokeza, zimeandikwa A, B na C. Nimevilinganisha sauti kwa mita, kwa sababu kikipanda hata desibeli moja tu, sikio litasema hicho ndicho kisafi zaidi. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana dukani ile ya ghali huwa imefunguliwa kidogo zaidi. Wimbo ni mmoja, una kayamba, una kanuni. Vitufe vya sauti nimevifunga kwa gundi ya karatasi, naomba msivibandue.

Njooni wawili wawili, wenye eafoni zenu mzitumie, wasio nazo zipo za kuazima na mipira ya saizi zote. Andika herufi uliyoipenda na sababu yake, ukunje karatasi, uitie kwenye kopo. Msiambizane. Na wewe wa 192, anza wewe.